Kumkumbuka Babu Yetu, Askari wa Keya

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Konza



Tunawashukuru kwa kutupa nafasi katika mkutano huu, ambao kwa desturi husomwa hesabu za fedha, majina ya waliolipa ada, na majina ya wasiolipa. Halmashauri ilituomba tuseme maneno machache juu ya babu yetu, mwanachama wa zamani wa chama hiki, aliyefariki mwaka 2018. Tulikubali kwa furaha, lakini pia kwa hofu kidogo, kwa sababu maneno tuliyo nayo si ya sifa tupu. Yamo na ya kujilaumu, na mwisho wake lipo ombi. Tafadhali mtuvumilie.

Tuanze na habari ya karatasi. Babu alipofariki ilitupasa kujaza fomu, na kisha kuandika habari za maisha yake zipate kusomwa kanisani siku ya mazishi. Sisi wajukuu wake tumesoma. Shule ya misheni ilitufundisha hati nzuri na hesabu, na leo tunakula mkate wa ukarani. Kila siku twajaza karatasi za watu wengine bila kukwama. Lakini siku ile tulishika kalamu na swali la kwanza likatushinda: marehemu alizaliwa lini? Kitambulisho chake kilisema mwaka 1920, nasi tulijua ya kuwa mwaka huo ulikisiwa na karani aliyezitazama mvi zake tu. Tukaulizana: alikuwa katika batalioni gani? Nambari yake ya jeshi ilikuwa ngapi? Aliingia mwezi gani, akatoka mwezi gani? Tulikaa nyumba moja na mzee huyu miaka mingi, tukala naye, tukacheka naye, wala hatukuweza kujibu. Ndipo tulipoona aibu yetu.

Tuliyoyajua ni yale aliyopenda kuyasema mwenyewe jioni, akiwa amekaa kitini pake mlangoni, uso ameuelekeza kwenye reli.

Alikuwa akituambia kwamba alikuwa tumboni mwa mama yake wakati baba yake alipochukuliwa. Huo ulikuwa mwaka 1917, katika Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika Tanganyika. Bunduki na chakula havikuweza kwenda mbele ila juu ya vichwa vya watu, maana farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Basi Serikali ikaamuru wapagazi wakusanywe kwa nguvu kila wilaya, na kazi hiyo akapewa Bwana John Ainsworth. Wazee wetu walilifahamu jina hilo, kwani ndiye aliyekuwa ofisa hapa Machakos tangu mwaka 1892. Wapagazi hao waliitwa kwa Kiingereza jina ambalo watu wetu walilitamka Kariakoo, na hata leo jina hilo limebaki katika mtaa wa Nairobi na katika mtaa wa Dar es Salaam. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Baba wa babu yetu hakurudi. Hakuja mtu wa kueleza alifia wapi, wala haikuja barua. Mama yake alingoja miaka mingi kabla ya kukubali kwamba yeye ni mjane.

Kwa sababu hiyo tunahesabu kwamba babu alizaliwa mwaka 1917, naye alifariki akiwa na umri wa kama miaka 101.

Alikua akichunga ng'ombe wa mjomba wake. Mwaka 1938, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Serikali ilisema Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko ardhi yao, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu. Hapo akatokea Muindi Mbingu, na watu kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Babu alikuwa miongoni mwao. Alituambia kwamba hawakuchukua silaha, walichukua chakula tu, na kwamba walikaa huko majuma mengi wakingoja. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini amri ile ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliondolewa. Babu alikuwa akisema, "Kule ndiko nilikojifunza kungoja. Jeshini walinikuta nimekwisha kufuzu."

Vita vya pili vilipokuja, vijana wa Ukambani waliingia Keya kwa wingi sana, kupita wingi wa kabila letu katika nchi. Wengine walivutwa na mshahara, wengine na njaa, wengine waliambiwa na machifu. Mmoja wa vijana wa wilaya hii walioingia mwaka 1942 alikuwa Jackson Mulinge, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya tangu 1978 mpaka 1986. Babu naye aliandikwa katika siku hizo hizo, lakini yeye hakupanda juu. Alitoka kama alivyoingia, askari wa kawaida. Alisema mwenyewe, bila uchungu, kwamba jeshi lilimpa vitu viwili alivyovithamini: Kiswahili, na kusoma na kuandika. Maana jeshi lilikuwa na walimu wake, na yeye ambaye hakuona mlango wa shule utotoni alijifunza herufi akiwa mtu mzima, ameketi chini pamoja na Wanyasa, Waganda na Wajaluo, wote wakiimba a-e-i-o-u kwa sauti moja.

Alikwenda Ceylon, na kutoka huko akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ile iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru. Kuanzia mwezi wa Agosti 1944 divisheni hiyo ilishuka katika bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani, na mvua za masika ya nchi ile zilikuwa zikinyesha usiku na mchana. Magari yalizama katika tope. Chakula kiliangushwa na ndege. Askari walimezeshwa kila siku vidonge vya kuzuia malaria, mpaka ngozi zao zikageuka rangi ya manjano. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, katika ukingo wa mto Chindwin, na hapo mafundi wa jeshi walitandaza daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100, ambalo wakati ule lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Babu alilivuka kwa miguu. Alipozeeka, akiulizwa habari za vita, alisimulia tope, nyumbu na daraja. Hatukumsikia hata siku moja akijisifu kwamba aliua mtu.

Lakini lilikuwako jambo moja alilolisimulia mara nyingi. Waliandikwa siku moja na kijana wa mlima wa pili, rafiki yake wa kuchunga. Wakatenganishwa: yeye akapewa bunduki, mwenzake akapelekwa kwenye mizinga. Babu alitangulia kuvuka bahari. Mwenzake aliondoka Mombasa mwaka uliofuata katika meli iliyoitwa Khedive Ismail, na tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli hiyo ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Babu alizipata habari hizo Ceylon. Aliporudi nyumbani ilimbidi kwenda kwa mama wa rafiki yake, akakaa naye kutwa nzima. Alituambia kwamba katika vita vyote hakupata siku nzito kuliko ile.

Vita vilipokwisha alirudi kwa treni akateremka hapa hapa Konza. Sanduku lake lilikuwa la bati. Kwa fedha alizopewa za kuagwa alinunua mitamba miwili na cherehani ya bibi yetu, na cherehani hiyo inashona mpaka leo. Lakini aliyaona aliyoyaona. Wazungu waliotoka vita ile ile walikopeshwa na kupewa mashamba. Yeye alirudi katika nchi ambayo mbuga kubwa za kuzunguka stesheni hii zilikuwa mashamba ya wengine, na kipande bado kilikuwa kikitakiwa, mpaka kilipofutwa mwaka 1947. Mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, yaani 2019, waandishi wa habari waliitangaza hati ya Serikali ya Uingereza ya mwaka 1945. Hati hiyo ilionyesha kwamba askari mzungu wa cheo cha chini katika makoloni haya alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika, na mwenzake mweusi shilingi 3 na nusu. Tuliposoma habari hiyo tulishukuru kwamba babu hakuisikia. Kisha tukatafakari, tukajua ya kuwa hakuhitaji kuisikia. Alijua siku nyingi.

Hakukaa kulalamika. Aliingia katika genge la reli, akatumikia shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lililoundwa mwaka 1948, akipima na kukaza vyuma kati ya stesheni yetu na njia ya Magadi. Siku za mapumziko alichimba matuta ya kuzuia maji, akawaita majirani kwa mwethya, na yale makorongo yaliyokuwa yakila shamba lake yakafungwa moja moja. Aliwasomesha watoto wake wote, wavulana kwa wasichana, katika siku ambazo watu walimcheka kwa kumpeleka binti shuleni. Aliiona bendera ya Kenya ikipandishwa mwaka 1963. Aliona mwaka 2013 kazi ya mji mpya ikizinduliwa huko Malili, na mwaka 2017 treni ya reli mpya ikianza kwenda Mombasa. Mambo haya yote aliyatazama kwa namna moja, kama mtu wa zamu anayetazama treni ikipita ili apate kuandika saa yake.

Nyumbani alikuwa mpole, lakini Keya haikumtoka. Sisi watoto tulikaguliwa kucha kila Jumatatu kabla ya kwenda shule, tumesimama wima mstari mmoja mbele ya jikoni. Mwenye kucha chafu hakupigwa, aliambiwa tu, "Rudi nyuma!" na fedheha yake ilimtosha.

Sasa tufike katika jambo ambalo kwa ajili yake tumesimama hapa.

Mwaka 2009 tulimpeleka Nairobi kwa matibabu ya macho, na kabla ya kurudi akaomba tumpitishe kwenye makaburi ya vita yaliyo katika barabara ya Ngong. Huko upo ukuta wa ukumbusho, na juu yake yamechorwa, pamoja na mengine, majina ya askari wa mizinga waliozama katika Khedive Ismail. Macho yake hayakuweza kusoma. Alisema, "Wajukuu zangu, someni, mimi nasikiliza." Tukasoma polepole, mstari kwa mstari, mpaka tukalifikia jina la rafiki yake. Akatuzuia. Akaomba tumshikie mkono tuuweke juu ya herufi zile, akazipapasa moja moja, kama alivyojifunza zamani. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na la baba yangu liko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulipokuwa tukirudi tulimpitisha barabara ya Kenyatta, penye sanamu za shaba za askari na wapagazi zilizowekwa mwaka 1928, tukadhani labda zitamfariji. Tukamsomea maandishi yaliyoko chini yake. Yanasema, kwa maana yake, kwamba mtu akipigania nchi yake hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Babu akauliza kama majina yenyewe yameandikwa. Tukamwambia hapana, hakuna hata moja. Akasema, "Basi kazi hiyo wametuachia sisi." Hakusema neno jingine mpaka tulipofika nyumbani.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na huenda hesabu ikawa kubwa zaidi sana. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Mwaka 2023 Mfalme Charles alifika katika makaburi ya Kariokor huko Nairobi, na baadhi ya wazee wetu wa vita vya pili walipewa nishani mpya badala ya zile zilizopotea. Nishani za babu pia zilipotea. Tulizichezea sisi wenyewe utotoni. Lakini mwaka huo alikuwa amekwisha kulala katika shamba lake miaka mitano.

Baada ya mazishi tulifungua lile sanduku la bati. Ndani yake, chini ya koti la jeshi, tulikuta daftari. Lilikuwa limeandikwa kwa hati yake, herufi kubwa kubwa zenye kusimama wima kama askari. Lilikuwa orodha ya watu wa pande hizi waliokwenda katika vita vyote viwili wasirudi. Kila mtu na jina lake, jina la baba yake, mlima wake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina moja tu, jina la baba yake, na mbele yake neno moja: Hakurudi.

Ndugu wanachama, hapa ndipo penye lawama yetu. Mwaka 2012 babu alituletea daftari hilo akatuomba tulinakili kwa hati safi, maana, alisema, sisi ndio makarani. Tulimjibu, "Kesho, Babu." Akalirudisha sandukuni, wala hakutuomba mara ya pili, hakuwa mtu wa kurudia amri. Tulipolifungua mwaka 2018, mchwa walikuwa wamepenya chini ya sanduku. Yanasomeka majina 43. Baada ya hayo kuna kurasa kama kumi ambazo zimebaki pembe zake tu. Hatujui zilikuwa na majina mangapi. Watu hao walipotea mara ya kwanza katika vita, na mara ya pili katika uvivu wetu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ni hivyo kwa shilingi, je, si zaidi kwa watu? Chama chetu huandika kila senti inayoingia katika mfuko wa mazishi, na ni haki. Lakini hatuna mahali popote tulipoandika majina ya wale ambao hawakupata mazishi.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya mkutano huu, nalo ni dogo. Kwanza, chama kinunue daftari moja kubwa lenye jalada gumu, likae pamoja na vitabu vya hesabu, chini ya ulinzi wa Katibu. Pili, kila ukoo ulete majina ya watu wake waliokwenda Kariakoo au Keya, waliorudi na wasiorudi, pamoja na lolote linalokumbukwa juu yao. Hata jina tupu linatosha. Tatu, nakala ipelekwe katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, ili mchwa wa Konza wasiwe ndio wenye neno la mwisho. Gharama ya daftari na ya nakala tutaitoa sisi jamaa ya marehemu, hatuombi fedha. Tunaomba kumbukumbu zenu, na hasa za nyinyi wazee wetu mliokaa hapo mbele, kwa kuwa miongoni mwa majina yaliyoliwa yamo bila shaka ya baba zenu na wajomba zenu.

Majina yale 43 hatuyasomi leo. Tunaona ni adabu jamaa zao wayasikie kwanza nyumbani kwao, nasi tumeanza kuwaendea mmoja mmoja. Wiki iliyopita tulifika kwa bibi mmoja mkongwe, tukamsomea jina la kaka yake. Alinyamaza, kisha akatuambia jina hilo tumeliandika vibaya, akatutajia herufi moja iliyokosewa. Tukaisahihisha mbele yake. Akaomba tusome tena, tukasoma; akaomba mara ya tatu. Hapo tulifahamu kazi ambayo babu alitaka tuifanye.

Mwenye jina la kuleta atatukuta kila Jumamosi asubuhi ofisini kwa chama, kuanzia saa tatu. Asiyeweza kufika atume mtoto aseme mlima wake, nasi tutakwenda kwake wenyewe. Hatutasema kesho.